Mashauriano au Taarifa? Wajibu wa Kushauriana baina ya Marekani na Japani kuhusu Masuala ya Asia

Matamko ya serikali zenye ushirika wa kijeshi hulitumia neno "mashauriano" kwa wepesi mkubwa. Makala hii inachunguza neno hilo lilivyofanya kazi baina ya Marekani na Japani, na inashikilia kwamba uzito wake hutokana na wakati ambapo mshirika anaelezwa jambo.

Ibara ya 4 ya mkataba wa usalama uliotiwa saini Januari 19, 1960, inazitaka pande mbili zishauriane, kwa ombi la upande wowote, kila usalama wa Japani au amani ya Mashariki ya Mbali inapotishiwa. Barua zilizobadilishwa siku hiyohiyo baina ya Waziri Mkuu Kishi Nobusuke na Christian Herter, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, ziliongeza sharti zito zaidi: mashauriano ya awali. Sharti hilo lilihusu mabadiliko makubwa ya vikosi vya Marekani nchini Japani, mabadiliko makubwa ya zana zao (hasa silaha za nyuklia), na matumizi ya kambi kwa mapigano nje ya nchi. Barua hazikutamka kwamba Japani ina haki ya kukataa. Ni tamko la pamoja ambamo Rais Eisenhower alimhakikishia Kishi kwamba Marekani haikusudii kwenda kinyume cha matakwa ya Japani. Nayo kauli ya nia haitoshani na ridhaa iliyoandikwa mkatabani.

Kwa kauli ya serikali ya Japani yenyewe, utaratibu huo haujapata kutumika. Wakati wa vita vya Vietnam, vikosi vilivyoondoka Japani vilihesabiwa kuwa vinahama tu. Kuhusu meli zenye silaha za nyuklia, jopo la wataalamu la Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani lilibaini mwaka 2010 kuwa yalikuwapo maafikiano ya kimyakimya.

Tukio la Julai 15, 1971 linafundisha zaidi. Nixon alipotangaza kwamba atazuru China, Waziri Mkuu Sato Eisaku alikuwa amearifiwa dakika chache tu kabla. Sarufi ya Kiswahili inaonyesha tofauti hiyo waziwazi: kushauriana ni kutendana, kuarifiwa ni kutendwa. Hata hivyo, Ibara ya 4 haikuvunjwa, kwa kuwa ziara ya amani si tishio. Miezi michache baadaye Japani bado ilisimama na Marekani katika Umoja wa Mataifa kutetea kiti cha Taipei, na ikashindwa nayo. Mrithi wa Sato, Tanaka Kakuei, hakungoja tena: alianzisha uhusiano wa kibalozi na Beijing Septemba 29, 1972, zaidi ya miaka sita kabla ya Washington.

Agosti 18, 2023, huko Camp David, Marekani, Japani na Korea Kusini ziliahidi kushauriana upesi juu ya vitisho vinavyozigusa zote. Hati hiyohiyo inaeleza kwamba ahadi hiyo haikusudiwi kuzaa haki wala wajibu wa kisheria.