Mafuta si Mamoja

Wahenga walinena kuwa jifya moja haliinjiki chungu. Pengine ndiyo sababu vijana wetu wa Kitale na Bungoma hawaridhiki na jiko la mafuta ya aina moja. Nami nilikuwa miongoni mwao. Mwaka wa 2001, nikiwa mwanafunzi mjini Bungoma, mafuta ya taa yalituishia chumbani. Mwenzangu akaleta petroli, tukapanua kitundu cha jiko la pampu kwa sindano, tukawasha. Moto uliruka hadi darini. Kovu lake ningali nalo mkononi.

Kosa letu lilianzia katika lugha. Tulisadiki kuwa mafuta ni mafuta. Kumbe neno hilo moja limebeba vitu visivyofanana. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafikie joto la nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi; petroli huutoa hata katika baridi ya kileleni mwa Mlima Elgon. Majiko ya wapanda milima yaliyoundwa kwa mafuta mbalimbali huwekewa tangi mbali na moto, na mengi hubadilishwa kitundu kulingana na mafuta. Tangi letu lilikuwa chini ya mwali.

Walimu wenzangu, hapa Kiswahili na kemia vishikane mikono. Mwanafunzi mwenye hamu ya kubuni apewe jiko la kuni, ajaribu magunzi ya mahindi ya Trans-Nzoia na makapi ya miwa ya Bungoma. Ubunifu wake tusiuzime. Tumfunze kwanza kukiita kila kitu kwa jina lake.