Lugha ya Mwalimu Asiyeonekana: Zana za Kufundishia kwa Mbali katika Viunga vya Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ya Tanzania ilitangaza kufungwa kwa shule za awali, za msingi na za sekondari kutokana na ugonjwa wa korona; siku iliyofuata vyuo navyo vikafungwa. Vyuo pamoja na wanafunzi wa kidato cha sita walirejea masomoni tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni mwaka huohuo. Katika kipindi hicho cha zaidi ya miezi 3, Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) iliandaa vipindi vya masomo vilivyorushwa kwa redio na televisheni, na walimu wengi, kila mmoja kwa uwezo wake, wakageukia simu za mkononi.

Zana hizo aghalabu hujadiliwa kwa upande wa mitambo, gharama na umeme. Makala haya yanaliangalia suala hilohilo kwa upande ambao wanaisimu hatuna budi kuusemea, yaani kwamba zana ya kwanza ya mwalimu ni lugha, na kwamba lugha ya darasani haihamishiki kuingia katika simu kama ilivyo. Mazingira tunayoyazingatia ni yale ya viunga vya Kinondoni na Temeke, kama vile Bunju, Mabwepande, Mbagala na Chamazi. Mifano ya semi za walimu imetungwa kwa ajili ya ufafanuzi.

2.0 Kufundisha kwa mbali si jambo geni

Yafaa kukumbusha kwamba nchi hii ilikwisha kufundisha umma wake kwa mbali kabla ya kuwako simu za mkononi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwafikia takriban watu milioni 2 kwa muda wa wiki 12. Redio ilikuwa sehemu moja tu ya mpango huo. Sehemu ya pili ilikuwa vijitabu, na ya tatu ilikuwa vikundi vya kusikiliza vilivyokuwa na viongozi waliofunzwa kazi hiyo. Msikilizaji alisikia, akasoma, kisha akajadili na jirani yake. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye makao yake makuu Kinondoni, nacho hakikuanza kwa kutegemea sauti pekee. Kilianza kwa maandishi na vituo vya mikoa.

Mwaka 2020 sauti na picha vilirushwa, lakini karatasi na kikundi, kwa watoto wengi, havikuwapo. Kikundi hakikuwezekana kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Karatasi iliwezekana. Mwalimu aliyeacha kurasa 2 za mazoezi kwenye duka la fotokopi la mtaani, mzazi akazichukua akitoka kazini, alikuwa ametumia zana ambayo haihitaji bando wala chaji, na kwa maoni yetu zana hiyo imedharauliwa pasipo sababu.

3.0 Simu moja ya nyumba nzima

Katika kaya nyingi za viunga tulivyovitaja, simu yenye intaneti ni moja, na mchana huwa mfukoni mwa mzazi aliyeko Kariakoo au barabarani. Kwa hiyo somo la moja kwa moja, ambalo mwalimu na mwanafunzi hukutana saa ileile, humfaa mtoto mwenye kifaa chake mwenyewe na humwacha nje yule wa simu ya kuazima. Somo linaloweza kungoja ndilo linalowafikia wote wawili. Ujumbe wa sauti katika kundi la WhatsApp hungoja hadi usiku. Tena video hula data mara kumi na zaidi ya ile inayoliwa na sauti ya muda uleule. Pale ambapo picha ni ya lazima, kwa mfano mchoro wa moyo au ramani, picha moja mnato ikifuatwa na maelezo ya sauti hutosha.

Hata hivyo, mwalimu anapochagua sauti anakuwa amepoteza mkono wake, na hapo ndipo isimu inapohusika.

4.0 Vionyeshi na mkono uliopotea

Tumchukue mwalimu wa hisabati wa darasa la 7 aliye mbele ya ubao. Husema: “Tunachukua hii, tunaileta huku, na hii ikifika huku inabadilika.” Darasani usemi huo ni kamilifu. Kidole cha mwalimu kinajaza kila nafasi ambayo *hii* na *huku* vimeiacha wazi. Usemi huohuo ukirekodiwa, unakuwa sawa na barua iliyofutwa nomino zake zote.

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vionyeshi. Kila ngeli ina seti yake, na mahali pana ngeli tatu: *hapa*, *huku*, *humu*. Utajiri huo ndio unaomponza mwalimu, kwa kuwa humwezesha kueleza somo zima bila ya kutaja kitu chochote kwa jina lake. Lakini vionyeshi havilingani kwa kazi. Umbo lenye *-o*, ambalo Ashton (1944) alilieleza kuwa ni *-o* ya urejeshi, halihitaji kidole. *Hiyo* na *hapo* vinaweza kurejelea kile kilichokwisha kutajwa. Kwa hiyo mwalimu yuleyule akisema: “Namba 5 iliyo kushoto kwa alama ya sawasawa tunaihamishia kulia, ikihamia huko, hiyo 5 inakuwa hasi 5,” ameegemea maneno yake mwenyewe, na mtoto aliyeko Chamazi anaweza kumfuata gizani.

Kanuni inayotokana na hayo ni rahisi kuisema, ingawa kuizoea huchukua muda: katika ujumbe wa sauti, *hii*, *huyu* na *hapa* zitumike tu pale ambapo jina la kitu linafuata papo hapo, baada ya kutajwa, umbo la *-o* lichukue nafasi. Mwalimu anaweza kujipima kwa kusikiliza rekodi yake akiwa amefumba macho.

Jambo la pili ni kiimbo. Mwalimu wa Kiswahili huuliza kwa kupandisha sauti na kuacha neno likining'inia: “Maji yakifika nyuzi 100 yanachem...?” Darasa zima hujibu: “...ka!” Mtindo huu umelaumiwa kwamba huzalisha kiitikio pasipo uelewa, na lawama hiyo ina haki yake. Hata hivyo humpa mwalimu dalili fulani, kwani kiitikio kikilegea hujua kwamba amewapoteza. Katika simu hakuna anayemalizia. Pengo hubaki pengo, na mtoto wa nyuma, ambaye siku zote aliifuata sauti ya wenzake, hulisikia likiwa tupu. Ni afadhali mwalimu aulize swali zima lenye *nini* au *kwa nini*, anyamaze kwa sekunde 10, kisha atoe jibu mwenyewe.

5.0 Ujumbe mfupi na suala la ritifaa

Kwa wazazi wenye simu za kawaida, ujumbe mfupi ndiyo njia iliyobaki. Kiswahili kina bahati hapa. Tahajia yake haina alama juu ya herufi, hivyo ujumbe mmoja hubeba vibambo 160. Lakini liko tatizo ambalo walimu wa lugha wanapaswa kulijua. Ritifaa iliyonyooka imo katika orodha ya vibambo ambavyo mfumo wa ujumbe mfupi huvitambua, ilhali ritifaa iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe, haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na uwezo wake hushuka hadi vibambo 70. Mwalimu wa Temeke anayetuma kwa wazazi 90 maneno “Karatasi zipo Chang'ombe” kwa ritifaa iliyopinda, ndani ya ujumbe wa vibambo 150, hulipia jumbe 3 kwa kila mzazi badala ya 1. Vikaragosi vya kuchekesha huleta hasara ileile. Tena, maadamu kiimbo hakionekani katika maandishi, na alama ya kuuliza husahaulika mara kwa mara, *je* irudishwe mwanzoni mwa swali: “Je, mtoto amemaliza?” si “Mtoto amemaliza”.

6.0 Maneno ya maelekezo

Mzazi hawezi kufuata maelekezo asiyoyaelewa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, na kazi hiyo ilithibitisha kwamba istilahi zinaweza kupatikana. Kukubalika kwake mtaani ni suala jingine. *Tarakilishi* na *ngamizi* zimo vitabuni, lakini Mbagala husema *kompyuta*. *Nywila* ni neno zuri. *Neno la siri* hueleweka bila mkalimani.

Kinyume chake, huduma za fedha kwa simu, zilizoanza kuenea nchini tangu mwaka 2008, zimezoesha watu kusema *nyota* na *alama ya reli*, na hata bibi asiyejua kusoma vizuri huambiwa abonyeze alama ya reli akaipata. Jina hilo limetokana na umbo la alama yenyewe, na mwalimu anayeandika maelekezo ya kupakua somo aanzie kwenye maneno ya aina hiyo, hata kama kamusi yake inampendekezea mengine.

7.0 Shule za sekondari

Hayo yote yanahusu shule ya msingi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia. Katika sekondari hali ni nzito zaidi. Tangu utafiti wa Criper na Dodd (1984) inajulikana kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakitoshi kubebea masomo. Darasani mwalimu huliziba pengo hilo kwa kuchanganya lugha: akiona nyuso zimeduwaa, hugeukia Kiswahili. Uamuzi huo hutegemea nyuso. Anaporekodi peke yake chumbani, hazioni, na pengine huona haya kuchanganya lugha katika rekodi itakayosikilizwa na mkuu wa shule na wazazi. Hivyo hubaki katika Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana wa kidato cha kwanza, aliyemaliza darasa la 7 kwa Kiswahili miezi michache tu iliyopita, hupokea Kiingereza kitupu kuliko kile ambacho angekisikia darasani, tena bila ubao. Walimu wa sekondari wanaotumia sauti wangefanya vema kurekodi maelezo ya kila dhana kwa Kiswahili kwanza, dakika 2 au 3, kisha kutaja istilahi za Kiingereza zitakazotokea katika mtihani.