Korea ambako mgeni halazwi mlangoni

USIKU wa kwanza nilijigonga kichwa. Mlango wa chumba ulikuwa mfupi, nami nilikuwa nikishangaa boriti za paa badala ya kutazama ninakopita. Mama mwenye nyumba, wa umri wa mama yangu mzazi, alicheka kwanza, ndipo akaniletea kitambaa cha maji baridi.

Ilikuwa katika kijiji cha Hahoe, karibu na mji wa Andong, nchini Korea Kusini. Mto Nakdong umekizunguka kijiji hicho karibu pande zote, na watu wa ukoo wa Ryu wameishi hapo kwa karne nyingi. Mwaka 2010 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya urithi wa dunia, lakini si makumbusho. Watu wanaishi humo, wanaanika pilipili uani, na baadhi yao hupangisha vyumba. Nilikuwa nchini humo kwa mafunzo ya walimu, nikapata siku chache za mapumziko.

Nyumba ya jadi huko huitwa hanok. Nguzo ni za mbao, kuta za udongo, na madirisha yamebandikwa karatasi itokanayo na magome ya mforosadi. Wakubwa wa zamani waliezeka vigae, wakulima waliezeka mabua ya mpunga. Niliyopewa mimi ilikuwa ya mabua. Nilizaliwa Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi kule Tanzania, chini ya paa la nyasi, na tuliporudi Burundi mwaka 2009 kitu cha kwanza alichokitafuta baba kilikuwa bati. Sasa nami nikatoa kama dola 50 kwa usiku mmoja chini ya mabua!

Tena kitanda hakuna. Wenzangu wa Mugina mnazijua gesti zetu, kitanda cha chuma na chandarua kilichotoboka. Kule unavua viatu nje, unapanda baraza la mbao, unakuta chumba kitupu. Godoro jembamba limekunjwa kabatini pamoja na mfarishi. Jioni unalitandika sakafuni, asubuhi unalikunja, na chumba kinageuka sebule. Ukikoroma, jirani anasikia, kwani kati yenu pengine kuna karatasi tu.

Ajabu yenyewe iko chini ya sakafu. Inaitwa ondol. Moto unawashwa nje, kwenye tundu lililo chini ya ukuta, mara nyingi upande wa jikoni. Joto na moshi hupita katika mifereji chini ya mawe bapa, kisha moshi hutokea kwenye dohani upande wa pili. Juu ya mawe hupakwa udongo, halafu hubandikwa karatasi nzito iliyotiwa mafuta. Mawe yakishapata moto hukaa na joto hadi alfajiri, hata kuni zikizimika. Katika karne ya 20 wengi waliacha kuni wakatumia makaa ya mawe, na gesi yake ya sumu ilipenya kwenye nyufa ikaua watu wengi usingizini. Siku hizi nyumba nyingi hupitisha mabomba ya maji moto. Nyumba niliyolala mimi bado ni ya kuni.

Wenye haraka hulala Bukchon, katikati ya Seoul, ambako hanok nyingi zilijengwa miaka ya 1920 na 1930, wakati wa utawala wa Japani. Pazuri, ila wenyeji wamechoshwa na kelele. Tangu Machi 2025, mtalii anayezurura katika sehemu fulani za mtaa huo kati ya saa 11 jioni na saa 4 asubuhi hutozwa faini ya wona 100,000. Aliyepanga chumba humo haguswi.

Turudi Hahoe. Nilitandika godoro langu kando ya mlango. Mama akaingia na chai, akatazama, akalishika godoro kwa mikono miwili akaliburuta hadi upande wa pili, ambako karatasi imekuwa kahawia kwa joto. Hapo huitwa araetmok, pembe iliyo karibu na moto. Ni mahali pa wazee na wageni.

Kwa msaada wa simu inayotafsiri nilimweleza kwamba si adabu tu. Wazazi wangu walikimbia usiku, mwaka 1972. Mama alitufundisha kulala karibu na mlango, popote tulipolazwa, ili ikibidi mtu atoke bila kumkanyaga mwenzake.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema kwenye simu kwamba mama mkwe wake alitoka kaskazini wakati wa vita, majira ya baridi ya 1950, akiwa na mtoto mgongoni. Hakurudi tena kwao. Nyumba nzima ilimsihi alale araetmok, kwani ndiyo haki yake. Alilala mlangoni hadi alipofariki.

Akanitakia usiku mwema, akaenda kuongeza kuni.

Nililala pale aliponiweka. Saa sita usiku mgongo uliungua nikasogea kidogo. Nikasogea tena. Kulipopambazuka niliamshwa na baridi ya kizingiti miguuni. Mama alikuwa ameshafika na sinia ya wali, supu na kimchi. Hakusema neno. Aliisukuma sinia hadi kwenye ile pembe ya kahawia, akakaa kunisubiri.