Pampu Iliyozama Tangini
Mwenye gari la Kijapani aishiye Ngamiani au Chumbageni, mjini Tanga, injini ikizunguka bila kuwaka, na akifungua swichi asisikie ule mvumo mwembamba utokao nyuma kwa sekunde 2 hivi, ana haki ya kuishuku pampu ya mafuta, ingawa ni busara aanze na fyuzi, ambayo bei yake ni ndogo mno. Pampu hiyo ya umeme aghalabu hukaa ndani ya tangi, imezama katika petroli, na petroli hiyohiyo ndiyo iipozayo. Basi yule ambaye ada yake ni kutia mafuta ya kufikia Muheza tu huiunguza taratibu, hasa msimu wa kaskazi.

Kazi ya kuibadilisha pampu yawezekana nyumbani, madhali magari mengi yana kifuniko chini ya kiti cha nyuma, japo skrubu zake, kwa hewa yetu ya chumvi, huwa zimekwisha kushika kutu. Ifanywe uani penye upepo, mbali na jiko la mkaa na mvuta sigara, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini hata ukakutana na moto. Kwanza huchomolewa fyuzi ya pampu, injini ikazungushwa kidogo ili shinikizo lipungue mipirani, kisha huondolewa waya hasi wa betri. Wakati wa kutia pampu mpya, oringi kuukuu izibayo mdomo wa tangi isirudishwe, hata ikionekana nzima. Ubahili huo huzaa harufu ya mafuta garini, na pengine ajali. Baada ya kufunga na kurudisha fyuzi na waya wa betri, swichi hufunguliwa na kuzimwa mara kadhaa kabla ya kuwasha, huku viungo vikikaguliwa visivuje.