Je, Wajua? Bunduki ya Babu Inasomeka Kama Barua

Sogea hapa kwenye benchi, msomaji wangu wa Iringa, wa Mafinga, wa Makambako, wa Mbeya na Tukuyu. Leo tunafungua sanduku la marehemu babu, lile lililokaa uvunguni miaka yote, na ndani yake kuna bunduki ndefu iliyofungwa kwenye gunia. Usiiguse kwanza. Bunduki yoyote iliyorithiwa ihesabu kuwa ina risasi ndani mpaka mjuzi aikague. Haya, tuanze.

Je, wajua kwamba neno "bunduki" lilianza maisha yake likiwa kokwa la kutafuna? Kwa Kiarabu *bunduq* ni kokwa dogo la mviringo. Vidonge vya udongo vilivyorushwa kwa upinde vikaitwa hivyo kwa sababu ya umbo lao, kisha jina likarukia silaha yenyewe. Na shika hili: mji wa Venice kule Italia, kwa Kiarabu, unaitwa al-Bunduqiyya!

Na "risasi"? Ni jina la madini. Ukisema fundi anachomelea kwa risasi, umeitumia kwa maana yake ya kwanza kabisa, maana *rasas* kwa Kiarabu ndiyo ile metali nzito laini ya kijivu. Mzinga ndio unaonifurahisha kuliko yote. Mrina asali anautundika mtini usubiri nyuki, mwanajeshi anaufyatua. Neno ni moja, na vitu vyote viwili ni gogo lenye tundu katikati.

Na Tippu Tip, yule mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, je? Jina lake halisi ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, na mwenyewe alieleza kwamba jina la utani lilitokana na mlio wa bunduki zake. Sema kwa haraka, tip-tip-tip, utausikia.

Mwaka 1888 konseli wa Uingereza kule Zanzibar, Euan-Smith, aliripoti kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Kila mwaka, ndugu yangu! Nyingi zilikuwa silaha zilizochakaa, ambazo majeshi ya Ulaya yaliziacha yalipopata mpya.

Basi mwaka 1890, huko Brussels, mataifa yakatia saini mkataba mkubwa. Kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zenye shabaha kali zikapigwa marufuku kuingizwa kiholela. Zilizoachiwa, kwa masharti, ni zile za kuwasha kwa jiwe na zenye mtutu laini. Unaona sasa kwa nini gobore limeishi sana vijijini kwetu? Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia, unatia goroli, unashindilia tena. Mwenzio mwenye bunduki ya kisasa amekwisha piga mara kumi.

Hiyo "shabaha kali" inatoka wapi? Chungulia ndani ya mtutu uliokaguliwa, uone mifereji inayojipinda kama uzi wa skrubu. Inaizungusha risasi ili isiyumbe njiani. Risasi ya Lee-Enfield ya .303 inatoka mdomoni ikizunguka kama mara 2,900 kwa sekunde moja. Pia! Watoto wangeiita pia!

Na mifereji hiyo ni kitambulisho. Lee-Enfield ya Kiingereza kwa kawaida ina mifereji mitano inayopindia kushoto. Mauser ya Kijerumani ina minne, na inapindia kulia.

Sasa twende Lugalo. Ukitoka Iringa mjini kuelekea Ilula, kuna mnara kando ya barabara. Tarehe 17 Agosti 1891, wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walilivamia jeshi la Wajerumani la Emil von Zelewski likiwa limejipanga mstari mrefu njiani, na kwa dakika 10 au 15 tu mambo yakawa yamekwisha. Zelewski mwenyewe, ambaye watu walimwita Nyundo, aliuawa. Masimulizi yanasema ni kijana wa miaka 16 aliyemmaliza kwa mkuki. Wahehe wakaondoka na bunduki karibu 300. Hebu piga picha: asubuhi wengi wao walikuwa na mikuki na ngao, jioni wakawa na shehena ya Mauser. Kambi ya Lugalo kule Dar es Salaam imechukua jina lake hapo hapo.

Mauser zile zilikuwa za muundo wa 1871. Mdomo wa mtutu ni milimita 11, karibu unene wa kidole, risasi moja kila unapopakia, na kila mlio ulitoa wingu zito la moshi. Mpaka vita ya 1914 inaanza, askari wengi wa Wajerumani hapa nchini walikuwa bado wanabeba hizo hizo. Ukipiga, adui anaona moshi na kujua ulipojificha.

Mwaka 1898 ulikuwa mwaka wa ajabu. Tarehe 5 Aprili jeshi la Ujerumani lilipitisha Mauser mpya, ile maarufu ya 98. Miezi mitatu baadaye, 19 Julai, Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi kuliko kukamatwa. Na leo, sheria ya Marekani inasema bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake ni kitu cha kale, na haisimamiwi kama bunduki ya kawaida. Uingereza wao, tangu 2021, wametumia mstari wa tarehe 1 Septemba 1939, pamoja na masharti yao mengine. Bunduki ile ile, bahari moja katikati, hadhi mbili.

Je, wajua mwaka wa bunduki huandikwa mwilini mwake? Kwenye Mauser ya jeshi, tazama juu ya kile chuma kinene ambapo mtutu unaanzia: jina la kiwanda na mwaka. Kwenye Lee-Enfield ya zamani, tazama upande wa kulia, kwenye pete ya chuma inayoshika kitako: utakuta taji la mfalme, kiwanda, mwaka na muundo. Taji! Limekaa miaka mia chini ya kutu, linakusubiri wewe.

Utakuta pia vialama vidogo kama vya mhunzi wa dhahabu. Hivyo ni vya nyumba za ukaguzi, ambako kila mtutu ulipigwa kwanza kwa baruti iliyozidi kipimo ili ukipasuka, upasukie huko. Nyumba ya London inafanya kazi hiyo tangu 1637, na ya Birmingham tangu 1813. Ukikuta herufi ELG ndani ya yai, mtutu wako umepimwa Liège, Ubelgiji.

Na namba! Kwenye Mauser, namba ya silaha imerudiwa kwenye mtutu, kwenye bolti (kile chuma kinachosukuma risasi ndani), mpaka kwenye skrubu ndogo ambako hubaki tarakimu mbili za mwisho. Zikilingana zote, wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanalipa zaidi sana. Bolti moja ikiwa ya jirani, bei inaanguka.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Usiisugue kwa msasa! Usiipake vanishi, usiipeleke kwa fundi ing'ae kama sufuria jipya. Msasa unakula maandishi yote haya niliyokuhadithia, na mnunuzi mjuzi anaona mara moja.

Tena usiitunze kwenye mkoba wa ngozi, hata kama mkoba ni mzuri namna gani. Ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia, na chumvi zake hula chuma. Ukungu wa Mufindi ukiingia humo, kutu haitoki.

Utajuaje kama ya babu ni ya kulengea shabaha na si ya kuwindia? Iinuliwe mkononi: ni nzito mbele, mtutu mnene. Haina chumba cha risasi nyingi, inameza moja moja. Nyuma karibu na jicho kuna kisahani chenye tundu dogo kama la sindano, na mbele kuna kijidude cha duara chenye pete ndani. Jicho lenyewe, bila kulazimishwa, hutafuta katikati ya tundu. Ndivyo lilivyoumbwa!

Nyingi za namna hiyo hupiga risasi ndogo ya .22, iliyobuniwa Marekani mwaka 1887 na inayotengenezwa mpaka leo. Uzito wake ni gramu 2.6 tu. Ile ya mashindano hutengenezwa makusudi iende polepole kuliko sauti, kwa sababu kuvuka mwendo wa sauti kunaitikisa risasi njiani.

Sikia hii ya Olimpiki. Katika bunduki ya upepo ya mita 10, alama ya kumi katikati ya shabaha ina upana wa nusu milimita. Nusu! Ni nukta ya kalamu iliyochongwa vizuri, na mchezaji haruhusiwi darubini. Risasi yenyewe ni milimita 4.5, kwa hiyo ni kubwa mara tisa kuliko kitu inachotafuta.

Malkia Victoria naye alilenga, au niseme alivuta kamba. Mwezi Julai 1860, kule Wimbledon, bunduki iliwekwa tayari juu ya kiegemeo, malkia akavuta kamba ya hariri, na risasi ikapiga sentimita tatu hivi kutoka katikati, kutoka umbali wa zaidi ya mita 360. Mtutu wa bunduki hiyo, ya Whitworth, haukuwa wa mviringo ndani. Ulikuwa na pembe sita, kama tundu la sega la nyuki.

Umewahi kuona pikipiki ya zamani yenye herufi BSA? Kirefu chake kinatamka silaha ndogo za Birmingham! Kampuni ilianza na bunduki mwaka 1861, ikaja kwenye baiskeli na pikipiki baadaye, na nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezana. Ilitengeneza bunduki nyingi sana za kulengea shabaha, kwa hiyo ukiziona bunduki tatu hizo kwenye chuma cha babu, changamka.

Hawakuwa peke yao. Husqvarna, ambao chensoo zao zinaangusha misonobari duniani kote, ni kiwanda cha bunduki cha Sweden cha mwaka 1689. Mjomba wangu wa Mafinga, mkata mbao wa miaka mingi, alikataa kuamini mpaka nilipomwonyesha nembo: ni mdomo wa mtutu na kilengeo chake, ukitazamwa kwa mbele. Remington walitengeneza bunduki tangu 1816, na mwaka 1873 wakaanza kutengeneza taipureta. Mkono uleule wa chuma, herufi badala ya risasi.

Mbeya na Njombe nazo zina hadithi yao ya bunduki. Katika miaka ya 1930 na 1940 simba wala watu walitesa eneo la Njombe, na hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu 1,500 waliouawa. Aliyetumwa kuwamaliza ni George Rushby, ofisa wanyamapori aliyeishi Mbeya. Simba 15 walipigwa, na vifo vikakoma.

Sasa la muhimu kuliko bei, na nalisema kwa moyo wote. Je, wajua kwamba bunduki inaweza kurithiwa lakini leseni hairithiwi? Leseni ilikuwa ya babu, ikafa naye. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kukaa nayo bila kibali chako ni kosa, hata kama hujui inavyofyatuliwa, hata kama ina kutu. Msimamizi wa mirathi anatoa taarifa polisi na kuisalimisha kwanza, kisha habari ya kuimiliki au kumuuzia mwenye kibali inafuata huko, kwa maandishi. Usiibebe begani kupita stendi. Piga simu kituoni, uulize ipelekweje.

Wanunuzi wa kunong'ona uchochoroni waache waende zao. Mwezi Septemba na Oktoba 2022 serikali ilitoa msamaha kwa waliosalimisha silaha haramu kwa hiari, hakuna kushtakiwa. Zikitangazwa siku kama hizo, na unajua kuna kitu uvunguni, wahi.

Kabla ya kuisalimisha, ipige picha. Kila taji, kila namba, kila herufi. Ukoo utabaki na historia yake hata kama chuma kimeondoka.

Na hii ya mwisho ndiyo niipendayo. Oktoba 1918 jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck lilipita Njombe likielekea mpaka wa kusini, na tarehe 25 Novemba likasalimu amri Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, kule ng'ambo ya Tunduma upande wa Zambia. Askari 1,168 wakaweka silaha chini, na kwenye lundo kulikuwa na bunduki 1,071. Unajua ngapi kati ya hizo zilikuwa za Kijerumani? Hata moja! Zote zilikuwa za Kiingereza na Kireno, walizoziteka njiani. Kwa hiyo usishangae kama babu yako alipigana upande wa Mjerumani, na bunduki iliyobaki kwenye masimulizi ya ukoo ina taji la mfalme wa Uingereza.