Mravinsky na Okestra Yake ya Leningrad

Tangu mwaka 1938 hata alipofariki dunia tarehe 19 Januari 1988, Okestra ya Filharmonia ya Leningrad ilikuwa na kiongozi mkuu mmoja tu, naye ni Yevgeny Mravinsky; na katika muda huo nchi yake ilipita vita na njaa, Stalin akafa, watawala wakafuatana mmoja baada ya mwingine, ilhali yeye yu pale pale, katika ukumbi wenye nguzo nyeupe ambao zamani za wafalme ulikuwa baraza la makabaila wa mji. Katika zama zetu hizi, ambapo kiongozi wa okestra aliye mashuhuri aghalabu huwa na okestra mbili au tatu katika nchi mbalimbali, akiruka kwa ndege baina ya hii na ile, habari ya mtu aliyekaa na okestra ile ile nusu karne si jambo dogo.

Wengi wamwonapo mtu aliyewapa kisogo wasikilizaji, akipunga kijiti hewani, hudhani kwamba kazi yake ni kuhesabu mwendo, na kwamba wapigaji wangeweza kwenda bila yeye. Katika taarabu yetu dhana hiyo ina ukweli wake, kwani wapiga fidla, udi na ganuni wanaujua wimbo kwa moyo na hutazamana tu wakaelewana. Simfoni ina mambo mengine. Wapigaji hukaribia 100, na kila mmoja mbele yake ana karatasi yenye nota za ala yake tu, asijue mwenzake wa upande wa pili ameandikiwa nini. Kiongozi peke yake ndiye mwenye kitabu chenye nota za wote, naye ndiye aamuaye tarumbeta zinyamaze kiasi gani ili zumari lisikike, na mwendo ukazwe wapi na ulegezwe wapi. Kazi hiyo kubwa huifanya katika mazoezi, hata usiku wa tamasha mkono wake huwa unakumbusha tu yaliyokwisha kuafikiwa.

Mravinsky alizaliwa St Petersburg, mji ulioitwa baadaye Leningrad, mwaka 1903 katika ukoo wa makabaila, na shangazi yake alikuwa mwimbaji wa sifa katika jumba la opera la Mariinsky. Mapinduzi ya 1917 yaliuondoa utukufu wa ukoo, mwaka uliofuata baba yake akafariki, na kijana akalazimika kutafuta riziki katika jumba lile lile alimoimba shangazi yake, akiwa mmoja wa wale wasimamao jukwaani bila ya kutamka neno. Akapiga piano katika madarasa ya wacheza baleti; akajaribu elimu ya viumbe chuo kikuu, akaiacha; hatima akaingia chuo cha muziki, akasoma kwa Nikolai Malko na Alexander Gauk, akahitimu mwaka 1931.

Jina lake lilitoka tarehe 21 Novemba 1937, alipoiongoza kwa mara ya kwanza Simfoni ya Tano ya Dmitri Shostakovich. Mtungaji huyo alikuwa amekwisha kulaaniwa katika gazeti la Pravda mwaka uliotangulia, na katika siku zile za Stalin laana ya Pravda iliweza kumfikisha mtu gerezani au kaburini. Mravinsky, aliyekuwa na umri wa miaka 34 na hakujulikana sana, alitaka kujua mtungaji mwenyewe aliukusudia mwendo gani katika kila sehemu, lakini Shostakovich hakuwa mtu wa kueleza. Basi akatumia hila: akaketi kwenye piano na kupiga makusudi kwa mwendo usiofaa, mpaka Shostakovich akaghadhibika, akamkatiza na kumwonyesha mwendo ulio sawa. Haikuchukua siku nyingi mtungaji akaigundua hila hiyo, akaanza kusema mwenyewe. Usiku wa tamasha watu walishangilia kwa muda mrefu mno, na mwaka uliofuata Mravinsky akashinda mashindano ya viongozi wa okestra wa nchi nzima, akakabidhiwa Filharmonia.

Hadithi nyingine aliisimulia mwenyewe, ya mazoezi ya Simfoni ya Nane, ambayo Shostakovich alimtunukia yeye na ikapigwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1943. Pana mahali ambapo okestra nzima inanguruma, na ndani yake mna zumari la sauti nzito ambalo sikio haliwezi kulibagua; mpigaji wake, akijua kwamba punde ataachiwa uwanja apige peke yake kwa muda mrefu, akaipumzisha midomo kwa kupiga nota zile zile katika sauti ya chini. Mara sauti ya Shostakovich ikasikika kutoka kwenye viti, akiuliza kwa nini zumari lile limeshushwa. Okestra ikanyamaza kwa mshangao, kisha wakampigia makofi.

Wakati Leningrad ilipozingirwa na Wajerumani, Filharmonia ilihamishiwa Novosibirsk, ikakaa huko mpaka 1944. Kwa hiyo tamasha lile la tarehe 9 Agosti 1942, ambapo wapigaji waliodhoofu kwa njaa walipiga Simfoni ya Saba ya Shostakovich mjini Leningrad, ni fahari ya kiongozi Karl Eliasberg na okestra ya redio, wala si ya Mravinsky kama wengine wanavyodhani.

Ukali wake katika mazoezi ulikuwa maarufu. Kazi ambayo okestra ilikwisha kuipiga mara nyingi aliifanyia mazoezi kana kwamba ni ngeni, akirudia vipande vidogo vidogo hata wapigaji wakachoka. Hata hivyo sifa hazimfutii lawama: mwaka 1962 Shostakovich alipomtaka aongoze Simfoni ya Kumi na Tatu, yenye maneno yanayotaja kuuawa kwa Mayahudi huko Babi Yar, na ambayo wakubwa wa serikali hawakuipenda, alijitoa, na Kirill Kondrashin akaichukua. Wako waliosema hakupenda kazi zenye waimbaji, na wako waliosema aliogopa. Mimi naona kwamba kwa rafiki wa miaka 25 udhuru wa kwanza hautoshi, ingawa urafiki wao haukukatika kabisa, kwani mwaka 1972 aliiongoza Simfoni ya Kumi na Tano mjini Leningrad.

Baada yake okestra ilichukuliwa na Yuri Temirkanov. Msomaji atakaye kuisikia kazi ya Mravinsky kwa sikio lake na azitafute simfoni za Nne, za Tano na za Sita za Tchaikovsky, alizozirekodi na okestra yake London na Vienna mwaka 1960. Naye aanze na ile ya Nne, sehemu ya mwisho, asikilize jinsi fidla zinavyokwenda mbio kubwa bila ya hata nota moja kupotea.