Gunia, Lori na Meli: Uzito wa Mzigo wa Karatu Mbele ya Sheria

Sheria huanza kuubana uzito wa mzigo wa Karatu ungali shambani. Vitunguu vya Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, vimezoeleka kufungwa lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kilemba juu ya mdomo. Sheria ya Vipimo inakataza lumbesa na kuweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia. Katazo hilo ni la haki kabisa, maana kilo za kilemba mkulima halipwi.

Kwenye lami ya kwenda Makuyuni kinachopimwa ni ekseli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2019, inaruhusu lori na mzigo wake lifike tani 56, lakini ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10. Wahandisi hukadiria kwamba ekseli ya tani 12 huchakaza lami karibu mara mbili ya ile ya tani 10. Kwa hiyo lori ambalo jumla yake ni halali bado linaweza kuzuiwa kwenye mizani, mpaka mzigo upangwe upya au upunguzwe.

Kahawa ya miteremko ya Oldeani huendelea hadi bandarini na kuvuka bahari ndani ya kontena. Tangu Julai 1, 2016, kontena lisilo na uzito uliothibitishwa halipakiwi melini. Uzito wa uongo ni hatari kubwa: kontena zito likiwekwa juu ya mepesi, rundo huweza kuporomoka na meli ikayumba.

Meli nayo ina kikomo ubavuni: duara lililokatwa na mstari. Mbunge wa Uingereza, Samuel Plimsoll, aliipigania alama hiyo hadi ikaingia katika sheria ya mwaka 1876. Leo inasimamiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966. Kando yake kuna mistari yenye herufi. T ni ya bahari ya tropiki, S ya kiangazi, W ya majira ya baridi kali, ambapo mawimbi ni makubwa na meli hutakiwa ielee juu zaidi. F ni ya maji yasiyo na chumvi, ambamo meli hudidimia zaidi hata bila kuongezewa mzigo.

Meli inayong'oa nanga Dar es Salaam huweza kujazwa hadi T. Ikiwa itapita ukanda wenye kikomo cha S, nahodha hukadiria mafuta yatakayotumika njiani, ili ifikapo huko mstari huo uwe juu ya maji. Mkaguzi wa bandari akikuta mstari unaohusika umezama, ana mamlaka ya kuizuia meli isiondoke mpaka shehena ipunguzwe.